Nyumba Ndani ya Takribani

Nipeni sikio moja tu. Lile jingine liacheni mlangoni lichunge, kwa maana habari zangu zina tabia ya mbuzi: ukizigeuzia kisogo zinaingia shamba la jirani, na zikirudi zimenenepa.

Babu yenu Kefa alizaliwa mwaka ambao upepo wa Ugogo ulikuwa mkali hata kuku walifungwa mawe miguuni wasipeperuke hadi Singida. Alipopelekwa kanisani kubatizwa, ukoo mzima ulimshikilia, na bado maji ya ubatizo yalimwangukia mtoto wa watu aliyekuwa benchi la nyuma. Ndiyo maana alikua mtu wa taratibu. Alitembea kama anayeogopa kuiamsha ardhi. Hakuwa jumbe, hakuwa mwalimu wa dini, hakuwa na ng'ombe wa kutajwa mbele za watu. Alikuwa mshika mnyororo.

Hii kazi ninyi hamuijui, nitawaambia. Ilikuwa enzi za Mwingereza, ile miaka ya karanga, matrekta yalipokuja Kongwa na kung'oa vichaka usiku na mchana mpaka nyani wakahama na watoto wao mgongoni. Kibaigwa mnayoiona leo, yenye malori na madalali wa mahindi, wakati ule ilikuwa ya kwale na miiba. Wapimaji wa ardhi walizagaa kama kumbikumbi. Mmoja wao, mzungu wa kukodiwa, mrefu, mwekundu kama kichuguu, ndiye aliyemchukua Kefa. Jina lake la kwao hakuna mtu aliyeweza kulitamka bila kutema mate, kwa hiyo tulimwita Bwana Takribani, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda. Ukimuuliza maji yametosha? Takribani. Kesho tunamaliza? Takribani. Umeoa, bwana? Naye anatazama mbali huko, anavuta kiko chake: takribani.

Mnyororo wake ulikuwa wa chuma, wenye pete mia moja, na ukinyooshwa unakuwa mrefu kama tembe la mtu mwenye wake wengi. Bwana anachungulia kwenye chombo chake cha miguu mitatu, anapunga mkono. Kefa anauvuta mnyororo mbele, anaunyoosha, anapigilia kigingi, anavuta tena. Hivyo hivyo kutwa nzima, jua la Kongwa likimkaanga utosi. Alikuwa anasema, ukishika mnyororo muda mrefu unaanza kuona kwamba wewe hutembei, bali dunia ndiyo inavutwa kupita chini ya miguu yako, pete kwa pete.

Siku walipofika kwenye shamba la baba yangu, Bartolomayo, mimi nilikuwa juu ya dungu nalinda uwele. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege wa mwaka ule walikuwa wengi, wakipita jua linazimika na majogoo wanawika mara ya pili. Nilikuwa na kombeo langu na mafinyango ya udongo. Nikarusha moja. Likamwacha ndege, likampata Kefa begani.

Akasimama, hakupiga kelele. Akatazama juu.

"Huyu naye ni ndege gani?" akauliza.

"Ni ndege mla wapimaji," nikamjibu. "Ondoa nyoka wako wa chuma kwenye uwele wetu."

"Nyoka huyu haumi, dada."

"Nimesikia alipopita huko mashamba yanapungua. Kama haumi, basi anameza."

Akacheka. Alikuwa na pengo la meno ya mbele ya chini, la kwetu la zamani, na kicheko chake kilitoka na upepo mdogo. Nami nikamrushia finyango la pili, safari hii kwa kukusudia, na kwa upendo.

Sasa, mwisho wa shamba letu, upande wa machweo, lilikuwepo jiwe la kusagia la mama yake baba. Marehemu alisagia hapo tangu alipoolewa hadi siku aliyolala asiamke, na kaburi lake liko papo hapo, hatua chache tu kutoka kwenye jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa pana, limezama ardhini, na katikati lina bonde laini kama kiganja cha mtoto. Sisi watoto tulikuwa tunaweka mashavu yetu humo mchana, tunasikia baridi yake, na tukitulia sana tunasikia unga ukimiminika. Msiniulize unga upi. Nawaambia tulisikia.

Kefa akavuta mnyororo wa mwisho, ukafika, akapigilia kigingi. Mbele ya vidole vyake ardhi ikawa bado ipo. Ukanda mwembamba wa shamba ulibaki, upana wake kama ng'ombe wawili waliolala, haukutosha mnyororo mwingine. Na katika ukanda huo ndimo lilimokuwa jiwe, na ndimo alimolala mama wa baba.

"Bwana," Kefa akaita, "bado kuna ardhi huku!"

Bwana Takribani akafunga chombo chake. Upepo ulikuwa umeanza kumvuta kofia. "Takribani inatosha," akasema. Papo hapo kofia ikaruka, ikaenda zake magharibi, na miezi mingi baadaye watu wa Bahi wakavua kambare bwawani kaivaa. Lakini kigingi hakikuruka. Kilibaki pale pale, na jiwe likabaki nje.

Baba yangu alikuwepo, amesimama na mkongojo wake. Alimtazama Kefa, siyo yule mzungu. Mzungu ni kama mvua ya mawe, nani anamkasirikia? Alimtazama mtu aliyeshika mnyororo.

Baada ya hapo Kefa aliumwa homa ya papasi kule kambini. Papasi wa siku zile walikuwa na adabu, walikuwa wanagonga mlango kabla ya kuuma, ila Kefa alikuwa mtu wa usingizi mzito, akasema "karibu". Homa ikampanda, ikashuka, ikapanda. Wakambeba hadi hospitali ya misheni, na huko daktari akamtoa tone la damu, akaliweka chini ya darubini ya kutazamia vidudu. Kefa alipopata nguvu ya kukaa, akaitwa achungulie.

Alinisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara sauti yake ilishuka kama mtu anayeingia kanisani wakati wa sala. Alisema aliona uwanda. Uwanda mpana wenye mwanga, kama mbuga ya Bahi maji yakikauka, na juu yake duara duara za rangi ya waridi zimejipumzisha, na katikati yake vijinyoka vyembamba vilivyosokotwa vinaogelea, vinacheza. Na juu ya vyote, ndani ya kioo, kulikuwa na rula ndogo iliyochorwa.

"Hiyo ya nini?" akamuuliza daktari.

"Ya kupimia. Kile ulichokuwa unapima kwa mnyororo huko nje, humu ndani tunapima kwa mikroni."

"Mikroni moja ni kubwa kiasi gani?"

Daktari akang'oa unywele wa kichwa chake mwenyewe, akauinua kwenye dirisha. "Ukiweza kuupasua huu kwa upana wake vipande sabini hivi, kipande kimoja ndiyo mikroni."

Kefa hakurudi kwenye mnyororo. Alibaki pale hospitali, kwanza kufagia, kisha kuosha vioo, kisha kuvitia rangi na kumtayarishia daktari. Alikuwa ameona kwamba dunia ina ndani. Akajifunza kwa daktari hesabu ya kushuka ngazi: mnyororo una futi ngapi, futi ina inchi ngapi, inchi ina mikroni ngapi. Hesabu hiyo akawa anaiimba akiosha vioo, kama wengine wanavyoimba zaburi.

Mwaka uliofuata, uwele ukiwa unachanua, akaja kwetu na mjomba wake kama mshenga.

"Mbukwa, baba," Kefa akasema, akachuchumaa.

Baba akaitikia, maana salamu hainyimwi hata adui. Mama yangu, Yudith, akaleta kigoda. Mjomba akafungua kinywa aanze yale maneno ya washenga, tumeona kitamu kwenu, tumeona jiko lenye moto. Baba akamkatiza.

"Mjomba, pumzika kwanza. Nataka kuongea na huyu." Akamgeukia Kefa. "Wewe ndiye ulishika mnyororo uliomtoa mama yangu nje ya shamba lake."

"Ni mimi, baba."

"Ulimwona amebaki?"

"Nilimwona. Nilisema."

"Ulisema. Halafu ukapigilia kigingi."

Kefa akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, sikio langu limechomoza kwenye tundu la kupitishia moshi, na moshi unaniliza, nami nawaambia moshi huo ulikuwa na faida zake, hakuna aliyejua nalilia nini.

Baba akaendelea, polepole. "Ardhi hii mama yangu aliigawa kwa kamba. Kamba ya magome ya mbuyu, aliisokota mwenyewe. Hakubakiza. Mnakuja ninyi na chuma, mnabakiza. Sasa nimesikia huko hospitalini mnacho kipimo kidogo kuliko vumbi. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Mikroni."

"Haya. Kipimo kikiwa kidogo hivyo, hakuna kitu kitakachoanguka kati ya vidole vyake. Nipimie shamba langu kwa hicho. Lote, pamoja na mama. Ukinipa namba isiyobakiza, mchukue binti yangu Zipora. Ukibakiza hata pa kutua nzi, basi. Sila wa Bahi amekwisha kutuma salamu, na ng'ombe wake wanatoka kwake mavuno yakiisha."

"Baba Zipora," mama akasema, "unatafuta mkwe au unatafuta mizani?"

"Natafuta mama yangu," baba akajibu.

Sila hakuwa mtu mbaya, nisimsengenye. Alikuwa na ng'ombe wengi hata akipiga chafya walidhani wameitwa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kurusha mafinyango yangu, na finyango likirushwa halirudi kwenye kombeo.

Kefa akamjibu baba papo hapo, kijana wa watu, kwa kiburi kidogo. "Mnyororo mmoja, baba, ni mikroni milioni ishirini, laki moja, elfu kumi na sita na mia nane." Akaisema kwa ule wimbo wake, na mama bila kujijua akaanza kupiga viganja kama anayeitikia wimbo wa kusaga.

"Sikutaka mnyororo," baba akasema. "Mnyororo ni wa Bwana Takribani. Anza na kamba."

Akaingia ndani, akaitoa. Ilikuwa nyeusi kwa mikono ya watu waliokufa, ina harufu ya samli na moshi. Akamkabidhi kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

Tatizo likawa hapa: hospitali ilikuwa na mikroni, haikuwa na kitu cha kuupimia urefu wa kamba ile. Na mnyororo ulikuwa umeondoka na mwenyewe. Kilichokuwepo ni wari wa Rajabali, Mhindi aliyefungua duka la nguo Kongwa wakati wa karanga: fimbo ya mbao yenye vichwa vya shaba, imechorwa inchi zote. Hapo dukani sikuwepo, lakini nimelisimulia jambo hili mara nyingi mpaka nimekuwepo.

"Rajabali, niazime wari wako," Kefa akasema.

"Weye una wazimu? Ukienda na wari, mimi nipime nguo kwa macho?"

"Basi nipimie kamba hii hapa hapa."

Rajabali akaishika kamba kwa vidole viwili. "Hii kamba au mkia wa tembo? Unataka kuuza?"

"Nataka kuoa."

"Aa! Kwa nini husemi?" Akawapigia kelele waliokuwa barazani. "Njooni, shikeni! Huyu anataka kuoa kwa kamba!" Wakaja, wakaishika kutoka mlangoni kwa Rajabali mpaka kwa fundi cherehani wa pili, wanawake wakiiruka na vikapu vyao, na Rajabali mwenyewe akapita nayo akiweka wari, akiinua, akiweka. Mkewe, Sherbanu, alikuwa dirishani anamsahihisha: "Umebana! Unabana kama unauza khanga!" Wakacheka wote, hata yeye. Kilichobaki mwishoni, chini ya wari mmoja, wakakihesabu kwa inchi, na kilichobaki chini ya inchi Kefa akakilinganisha na alama ndogo za shaba, jicho lake moja limefumbwa, kama anachungulia damu.

Akakaa barazani, akachora mchangani. Wari zikawa futi, futi zikawa inchi, inchi zikaanza kuzaa. Namba ikatoka mlangoni kwa Rajabali, ikapita kwa fundi cherehani, ikageuka kona kwenye mti wa mkwaju, na mbuzi aliyejaribu kuivuka akapotelea katikati ya sifuri.

Mimi huko nyumbani nilikuwa juu ya dungu. Uwele umenona, jua limesimama, na hewa juu ya shamba inatetemeka kama maji yanayotaka kuchemka. Nikasinzia nimekaa, kombeo mkononi. Nikaona shamba letu limelala chini ya kioo. Lilikuwa refu, refu, halina mwisho, na juu yake vinapita viumbe vidogo kwa mstari mmoja, kila kimoja kimebeba punje ya ardhi kichwani, kama wanawake wanaotoka kisimani, na vikengele vyao vinalia kwa mbali. Nikauliza mnaenda wapi. Vikasema, tunahesabiwa. Nikajitazama, kumbe na mimi nimo kwenye mstari, nimebeba punje yangu, nami ni wa mwisho. Kisha nikamwona mama wa baba amepiga magoti kwenye jiwe lake, anasaga. Hakugeuka. Akaniambia, "Wewe si wa mwisho. Nyuma yako bado pana nafasi." Nikageuka nitazame, nikaamka, na ndege walikuwa wamekula ngwe nzima.

Siku ya majibu ilikuwa tumebakiza kiporo tu cha mavuno. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilianguka mvua ya mwisho, ile isiyo na mpango, inayokuja kuaga. Kefa alikuwa njiani na kamba shingoni, ikalowa, naye akalowa. Asubuhi akatokea shambani na mjomba wake, kamba bado inachuruzika. Sila naye alikuwepo, amekuja mapema kuona mambo yanavyokwenda, ameketi kivulini na fimbo yake, mwenye amani ya mtu mwenye ng'ombe.

"Leta namba," baba akasema.

Kefa akaitoa. Akaiimba kwanza ya kamba moja, kisha ya shamba zima, kamba zote pamoja na ukanda wa jiwe, kwa jinsi baba mwenyewe alivyomtajia idadi ya kamba za marehemu. Ndege walinyamaza. Sila akasahau kutafuna kijiti chake. Namba hiyo siwezi kuirudia, ni ndefu, nikiianza leo mtaoa na kuolewa hapa hapa.

Baba akasikiliza hadi mwisho. "Haibakizi?"

"Kwa hesabu, haibakizi."

"Nyoosha kamba tuone."

Wakanyoosha. Baba upande mmoja, Kefa upande mwingine, kutoka macheo kwenda machweo. Mnaijua kamba ya magome ikilowa: inajikunja, inakuwa fupi na ngumu kama mzee mwenye baridi. Kamba za marehemu zikatimia zote, na jiwe bado liko mbele. Bado! Kamba ilikufa kabla ya kulifikia.

Baba akasimama pale.

"Umebakiza," akasema.

"Baba, kamba imelowa. Namba niliyokuletea ni ya kamba kavu."

"Kwa hiyo jana shamba langu lilikuwa na urefu mmoja, na leo lina mwingine?"

Sila akakohoa kivulini. "Mzee Bartolomayo, ng'ombe wakilowa hawapungui."

Wale waliokuwa wanavuna wakacheka, na mimi nikamtazama Sila kwa jicho ambalo nadhani ndilo lililomfanya apate upara. Lakini hofu ilinishika kweli. Niliona vumbi la ng'ombe wa Bahi likija, niliona ninavyovuka mbuga nimefunikwa khanga, nikiwaacha nyuma mafinyango yangu yote.

Kefa angeweza kusema ngoja jua likaushe. Mjomba wake alimnong'oneza hivyo hivyo, nilimwona. Hakusema. Alikwenda mpaka kwenye jiwe la kusagia, akapiga magoti, mahali pale pale marehemu alipopigia magoti miaka yote. Akatia mkono katika lile bonde laini. Akayafuta maji ya mvua, akasugua kidole ndani yake, akakiinua kwenye jua kikauke, na kwenye ncha ya kidole kulikuwa na vumbi jeupe, dogo, la kuhisi zaidi ya kuona.

"Baba, njoo uone mikroni."

Baba akaja, bado ana hasira.

"Ukisaga uwele," Kefa akasema, "jiwe nalo linasagika. Kidogo. Mikroni moja, labda pungufu ya moja. Linaingia kwenye unga, unga unaingia kwenye ugali. Bonde hili lote mama yako alilichimba hivyo. Sasa niambie, lililokuwa humu liko wapi?"

Baba akatazama bonde. Akatazama tumbo lake mwenyewe. Polepole akajigusa kifua, kisha akamgusa mama yangu mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Tumelila," akasema.

"Mmelila. Ninyi nyote mna shamba hili ndani yenu, na hakuna mnyororo utakaolitoa." Kefa akakaa chini kabisa, kwenye udongo uliolowa. "Lakini sitakudanganya, baba. Nimekesha na vipimo, vikubwa na vidogo. Havijui kutobakiza. Mnyororo unabakiza pa kujenga nyumba ya mtu. Mikroni inabakiza pa kujenga nyumba ya kidudu. Ukipata kidogo zaidi, nacho kitabakiza chake. Namba unayotaka haipo."

"Basi umeshindwa."

"Nimeshindwa kupima. Sijashindwa kukaa. Yale masalio ya mnyororo nipe mimi. Nijenge hapa, juu ya ukanda huu, kando ya mama. Mahali mtu anapolala na kuamka hapajabaki nje."

Mama akaweka chini ungo wake. Ninyi hamuwezi kujua uzito wa maneno yale, maana siku hizi mtu anaishi popote penye umeme. Kwetu mwanamume alikuwa anamchukua mke kwao. Mwanamume anayejenga nyuma ya mgongo wa mkwewe huimbwa kwenye ngoma, anaitwa kila jina la kuku.

"Ukae kwa wakwe?" baba akauliza. "Watu watakucheka."

"Watacheka takribani," Kefa akasema.

Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka. Alipobatizwa aliacha pombe, akaacha na kicheko kwa kuhofia vinaendana. Lakini neno lile lilimwingia mahali. Mabega yalianza kwanza, kisha tumbo, kisha machozi, akajishika kwenye jiwe la mama yake akicheka mpaka kilemba kikamvuka, na mama akasema, "Jamani, mshikeni, hana mazoezi!"

Sila akasimama, akakung'uta majani. Alikuwa mtu mzima, nampa haki yake. "Mzee, mimi nina ng'ombe wa kujaza mbuga," akasema, "lakini ukanda huu hata mmoja hageuki. Mpe mwembamba huyu." Akaenda zake Bahi, na kwenye harusi alileta ndama na mpiga zeze.

Tukajenga tembe. Mnajua tembe letu lilivyokuwa: refu na jembamba, maana lilifuata ukanda. Lilikuwa jembamba hata nikipika, mwiko ulikuwa nje na chungu ndani. Babu yenu akigeuka usingizini upande wa kushoto alijikuta uani, akigeuka upande wa kulia yuko shambani kwa baba anapalilia. Tuliwazaa wazazi wenu humo kwa mstari, mmoja baada ya mwingine, kama pete za mnyororo, kwa kuwa kukaa wawili bega kwa bega hapakuwa na nafasi.

Kefa aliendelea na kazi yake hospitalini hadi bendera ilipobadilishwa, akirudi mwisho wa juma na harufu ya dawa. Kila aliporudi alipita kwanza kwenye jiwe, anatia kidole, anakitazama, halafu ndipo anasema hodi. Hakuwahi kuwa mkubwa wa kitu chochote. Wauguzi walimwita Mzee Mikroni, na yeye aliitika.

Wakati mmoja akapita karani wa kuhesabu nyumba, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na ramani kubwa ya nchi nzima. Akasimama mlangoni kwetu, akatazama ramani, akatutazama, akatazama tena ramani.

"Shikamoo, mama. Hapa ni wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni kwa Kefa."

"Lakini shamba la Bartolomayo linaishia pale kwenye kigingi, na pori la serikali linaanzia huku nyuma. Hapa katikati hapana kitu."

"Karibu ndani ya hapana kitu," Kefa akamwambia. "Kuna mlenda."

Akaingia kwa ubavu. Akala ugali wa uwele, akamaliza, akanywa maji ya kibuyu, akamshika mtoto wangu wa mwisho kichwani. Kisha akasema kwa huzuni kwamba sheria ni sheria, hawezi kuandika nyumba ambayo haipo, akatuaga kwa heshima akaondoka. Tangu hapo tukaishi kwa raha. Mvua ya mawe ilipita juu ya kijiji ikatukosa, kwa vile haikuwa na taarifa zetu. Hata kifo kilichelewa sana kumpata babu yenu. Kilikuwa kinapita pale kwenye kigingi, kinatazama, kinaona hapana mtu, kinakwenda kwa jirani. Mwisho alichoka yeye mwenyewe, akatoka nje akakiita.

Yuko pale, karibu na mama wa baba yangu. Nami kila asubuhi nasaga kidogo, hata kama mashine ya kusaga iko barabarani na mnanicheka kwamba unga wangu una mchanga. Ule si mchanga. Kuleni. Lile bonde sasa linanifika kiwiko, na juzi mchana, jua limesimama, niliweka shavu langu humo nikasinzia kidogo. Vile viumbe na vikengele vyao vilikuwa vinapita. Nikageuka kutazama nyuma yangu, safari hii sikuamka upesi. Pana nafasi kweli, kama alivyoniambia mama wa baba. Ni nyembamba, lakini ukiingia kwa ubavu, unaenea.